Kuhifadhi chekipointi za akili mnemba kwenye SSD: mwongozo kamili wa kuchagua diski, kuipima na kuandika faili lisiloharibika

Umeme ulikatika saa tisa usiku. Kompyuta yangu ilikuwa imeshafanya kazi saa 31 ikiifundisha modeli ya Whisper small, ya kugeuza sauti kuwa maandishi, kusikia Kiswahili, kwa rekodi za Common Voice ambazo watu wa kujitolea wamezisoma sentensi moja moja. Umeme uliporudi alfajiri nikafungua folda, nikakuta faili moja tu la chekipointi, yaani nakala ya hali ya mafunzo ya kuendelezea ulipoishia, nalo pungufu. Programu yangu ilikuwa ikiandika chekipointi mpya juu ya ile ya zamani kwa jina lilelile. Mpya haikuwahi kumalizika, ya zamani ilikuwa imeshafutwa. Saa 31 zikapotea.

Diski haikuwa na ubaya wowote. Niliipima baadaye, ilikuwa nzima na yenye kasi. Siku hiyo nilielewa kwamba kasi unaweza kuinunua dukani, lakini uhakika unategemea namna unavyoandika, na mambo haya mawili yanahitaji kazi tofauti. Mwongozo huu unashughulikia yote mawili kwa SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sehemu inayozunguka. Nimemlenga mtu mwenye kompyuta moja au seva ndogo yenye GPU (chipu inayofanya hesabu za mafunzo) moja hadi nne, nyumbani, chuoni au kwenye ofisi ndogo, anayetumia Linux na PyTorch, maktaba ya Python ya kufundishia modeli.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mzigo kabla ya kwenda dukani

Chekipointi ni hali nzima ya mafunzo kama ilivyo dakika ile. Wengi hudhani ni modeli tu, kumbe modeli ni theluthi moja ya mzigo. Adam, ambayo ndiyo optimaiza (kanuni ya kurekebisha modeli) tunayoitumia wengi wetu, hutunza namba mbili zaidi kwa kila kigezo cha modeli, yaani kila namba ambayo modeli inajifunza: wastani wa mwelekeo wa marekebisho yaliyopita, na wastani wa miraba yake. Kila namba huchukua baiti 4. Kwa hiyo kigezo kimoja kinakula baiti 12 kwenye diski.

Whisper small ina vigezo milioni 244. Zidisha kwa 12, unapata GB 2.9. Whisper large ina vigezo milioni 1,550, na chekipointi yake inafika GB 18.6. Ukifundisha kwa namba fupi za bf16 huku ukitunza nakala kuu ya vigezo kwa baiti 4, kila kigezo kinakula baiti 14, na modeli ya vigezo bilioni 7 inadai GB 98 kila unapohifadhi.

Anayetumia LoRA, njia ya kufundisha tabaka dogo juu ya modeli isiyoguswa, yuko kwenye nafuu kubwa, kwa sababu anahifadhi tabaka dogo aliloongeza tu, mara nyingi MB kadhaa au mamia ya MB. Kama ndiye wewe, usihangaike na diski ya gharama. Nenda moja kwa moja hatua ya 6.

Kuna vitu vidogo ambavyo havina uzito lakini vikikosekana huwezi kuendelea ulipoishia: namba ya hatua, hali ya ratiba ya kasi ya kujifunza, hali ya namba za nasibu za Python, NumPy, PyTorch na GPU, hali ya GradScaler (chombo cha PyTorch kinachozuia namba ndogo sana zisipotee) kama unatumia namba fupi za fp16, na mahali ulipofika kwenye data. Hiki cha mwisho husahaulika sana. Ukikikosa, mafunzo yataanza tena mwanzo wa data, na rekodi za kwanza zitasikika mara mbili huku za mwisho zikikosa zamu.

Hatua ya 2: Amua utahifadhi kila baada ya muda gani

Ukihifadhi mara chache, ajali moja inakula kazi ya saa nyingi. Ukihifadhi kila dakika, GPU inakaa ikisubiri diski na diski inachakaa. John W. Young alichapisha mwaka 1974 kanuni rahisi inayotumika hadi leo: chukua muda wa kuandika chekipointi moja, zidisha kwa 2, zidisha kwa wastani wa muda unaopita kati ya ajali moja na nyingine, kisha tafuta kipeo cha pili cha jibu.

Tuseme mahali ulipo mashine hukatika mara moja kwa siku, yaani kila sekunde 86,400. Kama chekipointi inaandikwa kwa sekunde 4, jibu ni sekunde 831, karibu dakika 14. Kama inaandikwa kwa sekunde 157, namba utakayoikuta tena hatua ya 3, jibu ni dakika 87. Hapo ndipo diski ya kasi inapolipa gharama yake. Sekunde zenyewe si hoja kubwa. Hoja ni kwamba unaweza kumudu kuhifadhi kila robo saa, na umeme ukikatika unapoteza dakika chache badala ya saa nzima.

Usidhani ajali ni shida ya maskini peke yao. Meta walipoifundisha Llama 3 yenye vigezo bilioni 405 kwa GPU zinazofika 16,384, katika kipindi cha siku 54 kazi ilikatizwa mara 466, na mara 419 kati ya hizo hazikupangwa. Hifadhi yao ilikuwa na seva 7,500 zenye SSD, jumla ya petabaiti 240, zikihimili TB 2 kwa sekunde na kufika TB 7 kwa sekunde kwenye kilele. Hata wao walieleza kwamba ugumu mkubwa ulikuwa chekipointi, kwa sababu zinakuja kwa mkupuo na kuuziba mtandao wa hifadhi kwa muda mfupi. Kwako mkupuo ni mdogo, lakini tabia ni ileile: kimya cha dakika 14, halafu GB 18 kwa pamoja.

Hatua ya 3: Chagua diski

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi hupotea.

Neno flashi mtaani lina maana ya kile kidude cha USB cha kubebea nyimbo na nyaraka. Chipu zake ni ndugu na za SSD, lakini kidhibiti chake ni dhaifu, kasi yake ya kuandika huanguka baada ya muda mfupi, na vingi havitoi taarifa yoyote ya afya yake. Kitumie kubebea faili. Usikitumie kuhifadhia mafunzo.

SSD zenyewe zina njia mbili za kuunganishwa. Za SATA huishia karibu MB 550 kwa sekunde, haijalishi chipu ni nzuri kiasi gani, kwa sababu waya wenyewe ndio kikomo. Za NVMe hupita kwenye njia ya PCIe: kizazi cha 3 kinafika takribani MB 3,500, cha 4 takribani 7,000, na cha 5 takribani 14,000. Angalia vizuri tundu la M.2 kwenye bodi yako. Kuna M.2 ambazo ndani yake ni SATA, na kwa macho zinafanana sana na NVMe. Soma kitabu cha bodi kabla ya kutoa pesa.

Sasa jambo ambalo tangazo halikuelezi. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni kasi ya kuandika kwenye kashe, yaani sehemu ya mapokezi ya haraka. Seli nyingi za leo zinabeba biti 3 kila moja, yaani TLC, au 4, yaani QLC, na kuziandika ni kazi ya polepole. Ili kuficha upole huo, diski inachukua sehemu ya seli zake na kuziandika biti moja moja kwa haraka, kisha baadaye, ikiwa imetulia, inazihamisha mahali pake. Kashe hiyo ikijaa, kasi halisi inajitokeza.

Mfano ni Samsung 870 QVO ya TB 1. Kashe yake inafika GB 42 diski ikiwa na nafasi ya kutosha, lakini sehemu ya kudumu ni GB 6 tu. Iliyobaki inategemea nafasi iliyo wazi. Kashe ikiisha, kwa mujibu wa vipimo vya kampuni yenyewe, kasi inashuka hadi MB 80 kwa sekunde. Weka chekipointi ya GB 18.6 kwenye diski hiyo ikiwa imejaa: GB 6 zinapita haraka, na GB 12.6 zilizobaki zinadai sekunde 157. Hata diski ya zamani ya kuzunguka ingekuwa na kasi zaidi ya hapo. Si diski mbaya kwa kutunza data ya sauti inayosomwa tu, lakini kazi ya chekipointi haiifai. Chukua TLC.

Kisha uchakavu. Kila SSD ina kiwango cha jumla ambacho kampuni inakubali iandikwe, kinachoitwa TBW, yaani terabaiti zitakazoandikwa hadi dhamana iishe. NVMe nzuri za TLC za TB 1, kama Samsung 990 Pro au WD Black SN850X, zina TBW 600. Ile 870 QVO ina 360. Whisper large ukihifadhi kila robo saa ni mara 96 kwa siku, sawa na TB 1.79 kila siku. TBW 600 inaisha kwa siku 336, na 360 inaisha kwa siku 201. Kwa Whisper small, mpango uleule ni GB 278 kwa siku, na TBW 600 inakufikisha karibu miaka 6. Kwa hiyo mwanafunzi anayefundisha modeli ndogo hana haja ya kuogopa uchakavu; anayefundisha kubwa mfululizo lazima aupigie hesabu.

Kwa kazi ya mfululizo kuna SSD za seva. Samsung PM9A3 ya TB 1.92 ina TBW 3,504, ambayo kwa mzigo uleule wa Whisper large inadumu zaidi ya miaka 5. Zina faida nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa zaidi: kapasita ndogo ndogo ndani yake, zinazobaki na chaji ya kutosha kumalizia kuandika kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya diski umeme ukikatika. SSD za kawaida hazina kapasita hizo. Kwa sababu ya ulinzi huo, diski ya seva inaweza kujibu “nimeshaandika” mapema na bila kusema uongo. Ukipata iliyotumika ambayo afya yake imekaguliwa kama nitakavyoeleza hatua ya 9, mara nyingi ni bora kuliko mpya ya kawaida. Angalia tu umbo lake, kwani nyingi ni za U.2, umbo la diski za seva, na zinahitaji kadi au waya wa kugeuzia.

Kwa ukubwa, zidisha chekipointi moja kwa idadi unayotaka kutunza, ongeza nafasi ya moja inayoandikwa, kisha hakikisha asilimia 20 ya diski inabaki wazi. Nafasi hiyo wazi si anasa. Ndiyo inayoipa diski kashe pana na mahali pa kupanga seli zake.

Hatua ya 4: Hakikisha si feki, na ipoze

Diski za bei ya kushangaza zinazodai TB 16 zipo kila soko, la mtandaoni na la mtaani. Nyingi ndani yake zina chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya: inapokea data zako kwa utulivu, na ikizidi uwezo wake inaandika juu ya zile za mwanzo. Programu ya f3 ilitengenezwa kwa ajili ya udanganyifu huu. Ijaze diski nzima kwa `f3write`, kisha isome yote kwa `f3read`. Inachukua muda na inatumia sehemu ndogo ya maisha ya diski, lakini fanya hivyo ndani ya siku ambazo muuzaji anakubali kurudishiwa.

Joto nalo linahitaji heshima. NVMe ikipata moto sana inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na nyingi zimepangiwa kufanya kazi hadi nyuzi 70 tu. Dar au Mombasa mwezi wa pili, ndani ya kasha lenye GPU inayotema hewa ya moto, kufika huko si vigumu. Weka kipoza joto cha alumini juu ya diski, usiiweke kwenye tundu lililo chini ya GPU kama kuna lingine, na toa vumbi kwenye feni kila baada ya miezi michache.

Hatua ya 5: Iandae na uipime mwenyewe

Kwa mfumo wa mafaili, tumia ext4 au XFS. Usitumie exFAT kwa kazi hii, kwa sababu haina jarida la kurejesha mpangilio wa mafaili baada ya umeme kukatika. Chekipointi zikae kwenye diski yake peke yake ikiwezekana, ili zisigombanie na usomaji wa data. Ipachike kwa `noatime`, ili Linux isiandike muda kila faili linaposomwa, na washa usafishaji wa kila wiki wa seli zisizotumika kwa `systemctl enable --now fstrim.timer`.

Kipimo chenye maana ni cha kuandika kwa muda mrefu, si cha sekunde tano. Kwa SSD ya TB 1 ninatumia hiki, cha programu ya fio:

```
fio --name=kipimo --directory=/mnt/chekipointi \
    --rw=write --bs=1M --size=150G --ioengine=libaio \
    --iodepth=8 --direct=1 --end_fsync=1
```

Sehemu ya `--direct=1` inaruka RAM, maana bila hiyo utakuwa unapima kasi ya RAM na kufurahi bure. Tazama kasi inavyokwenda mwanzo hadi mwisho. Ikianza MB 5,000 halafu ikaanguka ghafla hadi 900, umeona kashe ikiisha, na hiyo 900 ndiyo kasi ya kupangia hesabu zako. Rudia kipimo diski ikiwa imejaa asilimia 80. Huku nyuma tazama joto kwa `nvme smart-log /dev/nvme0`.

Baada ya hapo pima kwa programu yako halisi. `torch.save` hufanya kazi kwa uzi mmoja wa CPU, na mara nyingi diski ya MB 7,000 inabaki ikisubiri CPU. Ukiona hivyo, kununua diski ya kizazi cha 5 hakutakusaidia kitu.

Hatua ya 6: Andika kwa namna isiyoharibika

Kama una dakika chache tu za kusoma mwongozo huu, soma hapa.

Programu inapoandika faili, Linux inapokea data kwenye RAM na kujibu kwamba kazi imekwisha. Data inaweza kukaa huko hadi nusu dakika kabla ya kuanza kusukumwa kwenye diski. Umeme ukikatika katikati, faili linaonekana lipo, jina lipo, huenda hata ukubwa upo, lakini ndani ni pungufu. Dawa yake ni mpangilio wa hatua nne usiorukwa: andika kwenye faili la muda lenye jina lingine, lazimisha data ifike kwenye diski kwa `fsync`, badilisha jina, kisha fanya `fsync` ya folda yenyewe ili jina jipya nalo lifike.

```python
import os, torch

def hifadhi(hali, njia):
    muda = njia + ".muda"
    with open(muda, "wb") as f:
        torch.save(hali, f)
        f.flush()
        os.fsync(f.fileno())
    os.replace(muda, njia)
    folda = os.open(os.path.dirname(njia) or ".", os.O_RDONLY)
    try:
        os.fsync(folda)
    finally:
        os.close(folda)
```

Kubadilisha jina ndani ya mfumo mmoja wa mafaili ni tendo lisilogawanyika: ama jina linaelekea faili la zamani, ama jipya, hakuna katikati. Ndiyo maana faili la muda lazima liwe kwenye diski ileile. Ukiliweka `/tmp` kwenye diski nyingine, programu itakataa au itanakili, na ulinzi wote unapotea.

`fsync` ikirudisha kosa, usiiite tena ukidhani safari hii itafaulu. Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL waligundua kwamba Linux, baada ya kushindwa kuandika, inaweza kuzihesabu kurasa zile kama safi, na `fsync` ya pili ikajibu kwamba mambo ni sawa ilhali data haipo. Futa faili la muda, andika upya kutoka mwanzo, na kama kosa linarudi simamisha mafunzo uikague diski.

Kila chekipointi iwe na jina lake lenye namba ya hatua, mfano `hatua-012000.pt`. Usiandike juu ya ile iliyopo. Weka pembeni faili dogo lenye alama ya sha256, ili siku ya kurejesha ujue kama kuna baiti iliyobadilika.

Hatua ya 7: Usiisubirishe GPU

Kama chekipointi yako inachukua sekunde nne kila robo saa, ruka sehemu hii. Ikiwa inachukua dakika, gawa kazi mara mbili: nakili hali kutoka GPU kwenda RAM, jambo la sekunde chache, kisha uzi mwingine uiandike kwenye diski huku mafunzo yakiendelea. PyTorch ina `async_save` ndani ya `torch.distributed.checkpoint` kwa kazi hiyo. Gharama yake ni RAM: kwa Whisper large unahitaji GB 18.6 za ziada zilizo wazi. Na usianze kuandika ya pili kabla ya kwanza kumalizika. Nimeona RAM ikijaa na programu ikiuawa na keneli, yaani kiini cha Linux, kwa sababu hiyo tu.

Hatua ya 8: Nini kibaki, na nakala ya pili ikae wapi

Mimi natunza tatu za mwisho, moja ya kila siku, na ile yenye matokeo bora. Kwenye Trainer ya Hugging Face, `save_total_limit=3` inafanya sehemu ya kazi hiyo. Futa ya zamani baada tu ya mpya kuthibitishwa.

Diski moja, hata iwe bora vipi, ni diski moja. Mwaka 2019 HPE ilitoa onyo kwamba baadhi ya SSD zake za SAS zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, kwa sababu ya hitilafu ya programu ya ndani, na mwaka uliofuata ikatoa onyo jingine la saa 40,000. Fikiria aliyenunua mbili siku moja na kuziunganisha kwa RAID 1, kila moja ikiwa nakala ya nyingine, akiamini yuko salama: zote zingekufa saa moja. Ukiunganisha diski mbili, changanya kampuni au angalau toleo.

Nakala ya pili ipelekwe kwenye mashine nyingine au diski ya kuzunguka, kwa `rsync`, mara moja kwa siku. Diski ya kuzunguka inafaa pia kwa kutunza miaka. SSD isiyo na umeme hupoteza chaji taratibu, na kiwango cha JEDEC, chama cha viwango vya chipu, kinadai SSD ya kawaida iliyofika mwisho wa maisha yake itunze data mwaka mmoja tu bila umeme kwa nyuzi 30. Kabati la Mombasa linazidi nyuzi 30. Kama unatuma kwa intaneti ya bando, tuma vigezo vya modeli peke yake: kwa Whisper small ni karibu GB 1 badala ya 2.9. Hutaweza kuendelea sawasawa pale ulipoishia, lakini modeli yenyewe itakuwa imepona.

Wanaotumia Colab, huduma ya Google ya kuendesha Python mtandaoni, wakumbuke kwamba folda ya `/content` inapotea kipindi kikifungwa. Na ukikodi mashine ya wingu, NVMe iliyo ndani yake kwa kawaida hufutika mashine ikisimamishwa. Andika hapo kwa kasi, kisha hamishia haraka kwenye hifadhi ya kudumu. Mashine za bei nafuu zinazoweza kunyang'anywa hutoa onyo fupi, dakika 2 kwa AWS na sekunde 30 kwa Google Cloud. Hakikisha chekipointi yako inamalizika ndani ya muda huo.

UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, ni sehemu ya hifadhi, si pambo. Hata ndogo ya dakika 10 inatosha. Iunganishe kwa USB, weka Network UPS Tools, na uifundishe programu yako kuhifadhi na kufunga ipokeapo SIGTERM, yaani ishara ya Linux ya kuitaka ijifunge.

Hatua ya 9: Fanya zoezi la kurejesha, kisha iangalie diski kila wiki

Chekipointi ambayo hujawahi kuifungua bado ni tumaini tu. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kuacha mafunzo marefu usiku, fundisha hadi hatua ya 200, hifadhi, endelea hadi 300 na uandike thamani za makosa. Kisha zima, rejesha kutoka 200, uende tena hadi 300. Mikondo miwili inapaswa kukaribiana sana. Ikiruka juu ghafla, umesahau hali ya optimaiza au ya ratiba. Ikitofautiana taratibu, angalia namba za nasibu na mahali pa data.

Kuanzia PyTorch 2.6, `torch.load` husoma kwa `weights_only=True` bila kuambiwa, na inaweza kuikataa hali ya nasibu ya NumPy uliyoihifadhi. Ni bora kuligundua hilo kwenye zoezi. Na usizime ulinzi huo kwa faili ulilopewa na mtu usiyemjua, kwa sababu faili la namna hiyo linaweza kuendesha programu ndani ya mashine yako.

Jambo moja linawachanganya wengi. Kuua programu kwa `kill -9` hakupimi kukatika kwa umeme. Programu ikifa, data iliyo kwenye RAM ya Linux inabaki na itaandikwa baadaye, hivyo hata programu isiyofanya `fsync` inaweza kufaulu jaribio hilo. Jaribio la kweli ni kuchomoa waya wa umeme katikati ya kuandika, kwenye mashine isiyo na betri wala kitu cha thamani ndani yake. Nilifanya mara kumi na mbili kabla ya kuiamini ile fanksheni ya hapo juu. Kila mara iliacha faili zima la zamani au zima jipya, na mabaki ya `.muda` ya kufuta.

Kila wiki soma afya kwa `smartctl -a /dev/nvme0`. Mstari wa Percentage Used unaonyesha uchakavu, na Available Spare akiba ya seli iliyobaki. Data Units Written zidisha kwa baiti 512,000 upate kiasi ulichoandika, kisha ulinganishe na hesabu ya hatua ya 3. Unsafe Shutdowns huhesabu mara ambazo umeme ulikatika ghafla. Media and Data Integrity Errors inapaswa kubaki sifuri. Ikipanda hata kwa moja, hamisha chekipointi zako siku hiyohiyo na anza kutafuta diski nyingine.